Walimu wangu wanakaa kimya kikaoni: je, nirudi kutoa amri?

"Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari yenye walimu 42, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Tangu nifike, mambo yamebadilika haraka kuliko nilivyojiandaa: mtaala mpya, wanafunzi wanaoleta kazi zilizoandikwa na akili mnemba, mahudhurio yanayoyumba, wazazi wanaotaka mengi na wanayataka leo. Niliamini kwamba shule ya nyakati hizi haiwezi kuongozwa na kichwa kimoja, nikaamua kuwa kiongozi shirikishi. Nimeunda kamati saba, tunakutana kila wiki, na kila uamuzi naupeleka kikaoni. Lakini kikaoni walimu wanakaa kimya, wanakubali kila kitu, kisha kila mtu anarudi darasani kwake kufanya alivyozoea. Juzi tulipitisha kwa kauli moja utaratibu mpya wa kazi za nyumbani. Wiki tatu baadaye nikagundua kwamba walimu watano tu ndio wanaoufuata. Kiongozi aliye juu yangu anasema mimi ni mpole mno, kwamba nyakati ngumu zinataka mkono mgumu. Nimeanza kuamini kuwa ana haki. Je, ushirikishwaji umeshindwa? Nirudi kutoa amri?"

Mwalimu, umeeleza vizuri hadi nakiona hicho kikao: wewe mbele na ajenda mkononi, unauliza kama kuna mwenye maoni, macho yanashuka mezani, halafu sauti moja kutoka nyuma inasema "tuendelee tu." Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, kwenye kiti cha mbele na kwenye viti vya nyuma pia. Kama nimekuelewa, kinachokuuma hasa si zile kazi za nyumbani. Umejivua sehemu ya madaraka yako kwa nia njema, ukayaweka mezani, na hakuna aliyenyoosha mkono kuyachukua. Sasa hujui kama kosa ni lao, ni lako, au ni la wazo lenyewe.

Nianze na jibu, halafu nitaeleza. Usirudi kwenye amri, lakini usiendelee pia kama unavyofanya sasa. Miaka hii umekuwa ukijaribu vikao. Ushirikiano wenyewe, ule wa watu kufanya kazi moja pamoja hadi waone matokeo yake, naona bado hujaujaribu.

Tuanzie kwenye kile kimya, maana nadhani unakisoma vibaya. Unakiona kama kutojali, au kama kukubali kusiko na moyo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na chumba cha walimu ni mahali pazuri pa kuuthibitisha msemo huo. Mwalimu aliyenyamaza kikaoni ana maoni, tena mengi. Wasikilize njiani wakitoka. Alichofanya kikaoni ni hesabu ya haraka kichwani mwake: nikisema kwamba utaratibu huu hautawezekana, hasara ni yangu na ni ya leo, maana nitaonekana mvivu au mpinzani. Nikinyamaza sipotezi kitu, na huenda jambo lenyewe likafa taratibu kama yaliyotangulia. Huyu si mtu mbaya. Amefundisha chini ya wakuu kadhaa, kila mmoja akija na mageuzi yake, na amejionea kwamba mengi hupita ukiyavumilia kidogo. Uzoefu ndio uliomfundisha kunyamaza.

Kuna utafiti ninaoupenda sana kuhusu jambo hili, na haukufanywa shuleni. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kwamba wodi zenye uongozi mzuri na wafanyakazi wanaoelewana zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: wodi hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alipochimba zaidi akaona tofauti ilipo. Watu wa wodi hizo walikuwa wepesi wa kuyasema makosa kuliko wengine, kwa sababu waliamini kwamba hawatadhalilishwa kwa kuyasema. Kwingineko makosa yalikuwepo, ila yalifichwa.

Sasa irudishe picha hiyo shuleni kwako. Kwa wiki tatu walimu 37 walijua kwamba utaratibu ule haufanyi kazi kwao, na hakuna hata mmoja aliyekuja kukuambia. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko utaratibu wenyewe kutofuatwa. Maana yake ni kwamba habari mbaya haikufikii, na kiongozi asiyefikiwa na habari mbaya hawezi kurekebisha chochote, awe mpole au mkali.

Hapo ndipo ushauri wa mkubwa wako unapogonga mwamba. Shule si kiwanda ambacho msimamizi akipita anaona kila mkono unafanya nini. Mwaka 1975 mwanasosholojia Dan Lortie aliandika kuhusu maisha ya walimu na upweke wa kazi yao. Vyumba vya madarasa vimepangwa kama trei ya mayai, kila yai kwenye kishimo chake, karibu na mwenzake bila kugusana. Mwaka uliofuata Karl Weick, mtafiti wa taasisi, akaeleza kwamba taasisi za elimu zimeunganishwa kwa kamba zilizolegea: unavuta upande mmoja, upande wa pili unatikisika kidogo au hautikisiki kabisa. Kazi yenyewe inafanyika nyuma ya mlango uliofungwa, kati ya mwalimu na wanafunzi wake, na mkuu wa shule hayupo.

Kwa hiyo amri hufika hadi mlangoni. Ikivuka, inavuka kwa sura ya vitu vinavyoonekana, yaani maandalio ya somo yaliyowasilishwa kwa wakati, sahihi kwenye daftari la kumbukumbu, madaftari ya wanafunzi yenye alama za kalamu nyekundu. Ukitoa amri kali kuhusu kazi za nyumbani, ndani ya mwezi mmoja utaletewa ushahidi kamili kwamba zinatolewa. Kama wanafunzi wanajifunza chochote kutokana nazo, hutajua. Utakuwa umepata utulivu wa makaratasi, na lile jambo la kutisha nililolitaja litakuwa limezidi, kwa sababu sasa kusema ukweli kutakuwa na gharama kubwa zaidi.

Ulegevu huo wa kamba si ubaya mtupu, na hili viongozi wengi hulisahau. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 duniani waliokuwa nje ya madarasa kwa wakati mmoja. Hapakuwa na mwongozo wa hali ile. Kila mahali palipokuwa na nafuu palikuwa na walimu waliobuni njia kwa mikono yao, wakajaribu, wakakosea na kurekebisha kabla waraka wowote haujawafikia. Mahali palipolegea, mtu mmoja anaweza kujaribu jambo bila kuiangusha shule nzima akishindwa. Shule inayoweza kujirekebisha wakati dunia inabadilika inaichota nguvu hiyo hapo hapo kwenye ulegevu. Shida ni kwamba aliyegundua jambo zuri nyuma ya mlango wake halitoi nje, na aliyekwama nyuma ya mlango wake haombi msaada. Kazi yako ni kuifungua hiyo milango, na haifunguki kwa kupigwa teke.

Niende sasa kwenye kosa ninaloliona ni kubwa kuliko mengine katika barua yako. Ninalisema kwa heshima, kwa sababu karibu kila mkuu wa shule mwenye nia njema hulifanya. Umesema kila uamuzi unaupeleka kikaoni. Ronald Heifetz, aliyefundisha uongozi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Harvard, anatenganisha aina mbili za matatizo. Kuna yale ya kiufundi: yanaweza kuwa magumu, lakini utaalamu wa kuyatatua upo na mtu wa kuyatatua anajulikana. Na kuna yale ambayo hayatatuliki mpaka wahusika wenyewe wabadilike, yaani waache mazoea fulani, wajifunze jambo jipya, wakubali kupoteza kitu. Kwa aina hii ya pili hakuna mtaalamu wa kuwafanyia watu kazi hiyo kwa niaba yao.

Tazama orodha ya maamuzi yako. Kupanga ratiba ya mitihani, kugawa vyumba, kuamua nani anapeleka takwimu ofisi ya juu na lini, hayo ni ya kiufundi. Nina wasiwasi kwamba zile kamati saba zinakula saa nyingi kwayo. Mwalimu aliyefundisha vipindi sita siku hiyo, kumwita ajadili rangi ya fomu si kumheshimu. Ni kumchosha, na akichoka hapo hatakuwa na nguvu panapostahili. Mambo hayo amua mwenyewe, au mpe makamu wako aamue, kisha watangazie watu. Hakuna atakayekuita dikteta. Wengi watashukuru.

Suala la akili mnemba liko upande wa pili kabisa. Nililikuta katika shule moja niliyoitwa kusaidia. Mkuu alikuwa ametoa waraka: ni marufuku. Walimu walikuwa wameukubali kwa kauli moja, kama wenu. Nikakaa na mwalimu mmoja wa lugha, mzoefu, anayesifika kwa jinsi anavyofundisha insha. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hajui tena anasahihisha nini. Kwa miaka yote amekuwa akiwapa wanafunzi insha ya kwenda nayo nyumbani, anairudisha ikiwa imejaa maelezo yake, na alikuwa akiyaona mawazo yao yakikomaa wiki hadi wiki. Sasa analetewa insha laini zisizo na kosa na zisizo na mtu ndani yake. Waraka wa marufuku haukumsaidia kwa lolote, kwa sababu tatizo lake halikuwa nidhamu. Njia yake ya kufundisha, ile iliyomfanya ajione mwalimu hodari, ilikuwa imekufa mikononi mwake, na hakuwa na mahali pa kulisema hilo bila kuonekana amepitwa na wakati.

Heifetz anasisitiza kwamba watu hawapingi mabadiliko kwa sababu ni mabadiliko. Wanapinga kupoteza. Ukiletewa habari njema ya nyongeza ya mshahara, hayo nayo ni mabadiliko, na sijaona aliyeyapinga. Kwa hiyo mbele ya kila jambo unalotaka walimu walibadilishe, jiulize kwanza: hapa nani anapoteza nini? Muda? Heshima? Ule uhakika wa kuingia darasani akijua anachofanya? Kisha litaje jambo hilo waziwazi mbele yao, wewe ukitangulia. "Najua utaratibu huu utawaongezea wenye madarasa makubwa saa za kusahihisha, na sijui bado tutazipata wapi." Sentensi kama hiyo hufungua vinywa kuliko kuuliza mara kumi kama kuna mwenye maoni.

Utaratibu wenu wa kazi za nyumbani ulipitishwa kana kwamba ni jambo la kiufundi: sheria, kura, utekelezaji. Lakini ndani yake kuna maswali ambayo walimu 42 hawajawahi kuyajibu pamoja. Kazi ya nyumbani ni ya nini hasa? Mwanafunzi asiye na utulivu nyumbani afanyeje? Isiposahihishwa ina faida gani? Mkono uliponyooshwa kukubali, kila mtu alikuwa akikubali jambo lake kichwani.

Basi ushirikiano wa kweli unaonekanaje? Judith Warren Little, mtafiti wa elimu, aliandika mwaka 1990 kuhusu namna walimu wanavyohusiana kazini, akazipanga kuanzia nyepesi hadi nzito. Kuna kupiga soga za darasani, kuna kusaidiana mtu anapoomba, kuna kupeana vifaa na maandalio, na mwisho kuna kufanya kazi moja pamoja, ambayo matokeo yake ni ya wote. Shule nyingi huishia kwenye zile tatu za kwanza na kujiita shirikishi. Zina uzuri wake, lakini hazigusi kinachotokea darasani, kwa sababu mwisho wa siku kila mtu bado ana kazi yake na siri yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa ile ya nne unatoka Japani, ambako una umri unaozidi miaka 100. Wanauita jugyō kenkyū, yaani utafiti wa somo. Walimu wachache wanachagua jambo moja linalowasumbua wanafunzi, wanaandaa somo moja pamoja kwa uangalifu mkubwa, mmoja wao analifundisha, wengine wanaingia darasani kutazama. Wanachotazama ni wanafunzi. Wapi wamepotea, swali gani limewaamsha, nani amenakili kwa jirani na kwa nini. Baadaye wanakaa kulijadili somo, wanalirekebisha, na pengine linafundishwa tena na mwingine. Utaona ujanja uliomo: somo ni la kikundi, kwa hiyo likiharibika hakuna wa kuaibika peke yake. Ile hesabu ya hasara na faida niliyoieleza mwanzo inageuka. Kusema "hapa watoto hawakuelewa" hakumshambulii mtu, na kila mtu anafaidika nako.

Kwako ningeanza padogo sana. Chukua jambo moja tu, nami ningechagua hili la akili mnemba kwa sababu linawauma wote na hakuna anayejifanya analo jibu. Waombe walimu wanne au watano walio tayari, wa masomo tofauti. Usiwateue waliokaribu nawe tu. Pata angalau mmoja ambaye wenzake wanamwamini na wewe humpendi sana. Wakubaliane juu ya jaribio moja la wiki tatu. Kwa mfano, insha au ripoti ianzie darasani kwa mkono, rasimu ya kwanza ibaki na mwalimu, na mwanafunzi aulizwe kwa mdomo maswali mawili kuhusu alichoandika. Kabla ya kuanza, waandike wanatarajia kuona nini, na muhimu zaidi, waandike ni kitu gani wakikiona kitawaambia kwamba wamekosea. Wiki tatu zikiisha walete kazi halisi za wanafunzi mezani, sita au saba, wazisome pamoja. Wakiona haifai, waiache au waibadilishe wajaribu tena. Wakiona inafaa, wenzao watakuja kuuliza wenyewe.

Na wewe uwemo. Uwemo kama mwanafunzi, bila kiti cha mwenyekiti. Viviane Robinson, mtafiti wa elimu wa New Zealand, na wenzake walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu yale ambayo viongozi wa shule hufanya na jinsi yanavyogusa matokeo ya wanafunzi. Lililoonekana kuwa na mguso mkubwa kuliko mengine waliyoyalinganisha ni kiongozi kuendeleza ujifunzaji wa walimu na yeye mwenyewe kushiriki ndani yake. Kama bado una kipindi unachofundisha, jitolee kuwa wa kwanza kutazamwa. Somo lako likienda vibaya mbele ya walimu wanne na ukalisema wazi kwamba limeenda vibaya, utakuwa umefanya kwa dakika 40 jambo ambalo vikao vya mwaka mzima havijaliweza.

Muda wa kazi hii utoke wapi? Usiuongeze juu ya uliopo, nakusihi. Ushirikiano usiokuwa na nafasi kwenye ratiba ni mzigo wa ziada wenye jina zuri. Vunja kamati tano kati ya saba. Matangazo yote ya kikao yaandike kwenye ubao au kwenye ujumbe wa simu, na saa iliyookolewa wape vikundi. Hapo watu wataona kwamba unamaanisha, kwa sababu umetoa kitu.

Kuhusu maamuzi, kuwa mkweli kuliko unavyodhani upole unavyotaka. Kabla ya mjadala wowote sema unaitisha nini: hili nimeshaamua na ninawajulisha, hili nitaamua mimi lakini baada ya kuwasikia, na nitarudi kuwaeleza nilichokichukua na nilichokiacha, hili mtaamua ninyi, nami nitaufuata uamuzi wenu hata usiponipendeza. Zote tatu ni halali. Kinachoua imani ni kuitisha ya tatu huku moyoni umeshafanya ya kwanza. Walimu hulinusa hilo haraka, na naomba ujiulize kwa unyofu kama haikutokea siku mlipopitisha kazi za nyumbani. Utaratibu ule uliandikwa na nani kabla ya kuletwa kikaoni?

Watafiti Anthony Bryk na Barbara Schneider walizifuatilia shule za msingi za Chicago katika miaka ya 1990, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Waliona kwamba shule ambazo watu wake waliaminiana zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuinuka katika hisabati na kusoma kuliko zile ambazo imani ilikuwa dhaifu. Imani hiyo walieleza inajengwa katika mambo madogo ya kila siku: mtu kusikilizwa, mtu kuwa hodari katika kazi yake, mtu kujaliwa kama mtu, na neno la kiongozi kulingana na tendo lake. Hilo la mwisho ndilo ningelitilia mkazo kwako. Shuleni kwenu kuna neno lililopitishwa na tendo ambalo halikufuata, na wiki tatu zikapita.

Hapa sasa nampa mkubwa wako haki yake, kwa sababu kuna mahali ameona sawasawa. Umekuwa mpole pasipotakiwa. Mkikubaliana jambo pamoja, kulifuatilia si ukali. Kukaa kimya wakati makubaliano yanavunjwa ni kuwavunja moyo wale watano walioyashika. Ningeanza na wao, mmoja mmoja, nikiwauliza wamekuta nini. Kisha ningewaendea wengine, na swali langu lisingekuwa "mbona hufuati?" Ningeuliza, "Ulipojaribu, kilikwama wapi?" Asiyejaribu kabisa atalazimika kusema hivyo, na utakuwa umemshika kwenye makubaliano yake mwenyewe bila kumtukana. Ukikuta kwamba utaratibu haufai, urudishe kikaoni ukaufute hadharani. Usiuache ufe kimyakimya kama yale mengine waliyoyazoea.

Na amri zina mahali pake. Mtoto anapigwa, anadhalilishwa au anatongozwa na mtu mzima, hapo hakuna kamati wala mjadala wala jaribio la wiki tatu. Unachukua hatua siku hiyo hiyo na unatoa taarifa kwa vyombo vinavyohusika. Moto, mlipuko wa ugonjwa, wizi wa mitihani, vivyo hivyo. Walimu wanaojua kwamba utasimama imara hapo watakuamini zaidi utakapowaomba wafikiri pamoja nawe kwingine.

Nisikufiche gharama za njia hii. Ni ya polepole, na miezi ya mwanzo huenda hali ikaonekana imeharibika zaidi. Ikumbuke ile wodi yenye makosa mengi yaliyoripotiwa. Watu wakianza kusema, utasikia mambo ambayo yalikuwepo siku zote, na mengine yatakuhusu wewe. Kuna walimu ambao hawatakuja hata ukifanya yote sawasawa, nao ni wachache kuliko unavyohofia. Na vipimo mtakavyovipata kwenye majaribio hayo usivitumie kamwe kumtathmini mwalimu mmojammoja. Siku utakapovigeuza fimbo, vitaanza kupikwa, na mtarudi kwenye makaratasi.

Kwa mkubwa wako, nenda kabla hajakuita. Mwambie mambo ambayo utayaamua mwenyewe kuanzia sasa, kwa majina. Mwambie jambo moja mnalolijaribu, na tarehe utakayomletea mlichokiona. Wakubwa wengi wanaodai mkono mgumu wanachohitaji hasa ni uhakika kwamba kuna mtu ameshika usukani, na ukiwapa huo uhakika mapema hupunguza sauti.

Kuna mambo barua haiwezi. Ikiwa kimya cha walimu wako kinatokana na ugomvi wa zamani, kambi mbili zisizosalimiana, au mtu mmoja anayeogopwa na wenzake, usijaribu kuutatua peke yako kutoka kwenye kiti cha mkuu. Tafuta mwezeshaji kutoka nje, asiye na upande, azungumze na watu ana kwa ana kabla ya kukaa nao pamoja. Kukiwa na tuhuma za kisheria au za usalama wa watoto, muone mwanasheria au ofisi husika leo, usisubiri. Na wewe binafsi: miaka mitatu ya kubeba haya bila mtu wa kuzungumza naye ni mingi. Mtafute mkuu wa shule mwingine aliyekutangulia, mkutane kila mwezi, mzungumze yale usiyoweza kuyasema ofisini. Kama usingizi umepotea, kama unaamka ukiichukia siku kabla haijaanza, au mwili umeanza kukulalamikia, hilo ni la kwenda kwa daktari au mshauri nasaha, na liende mbele ya mengine yote niliyoyaandika hapa.

Kikao kijacho, futa ajenda. Weka swali moja tu mezani: "Mwezi uliopita tulikubaliana jambo ambalo wengi wetu hatukulifanya, na sikuwarahisishia kuniambia. Mnadhani tulikosea wapi?" Wape dakika kumi wazungumze wawili wawili, kila jozi iandike jambo moja kwenye karatasi bila jina, kisha zisomwe na mtu ambaye si wewe. Wewe sikiliza na uandike. Usijibu lolote siku hiyo, hata lile linalokuonea. Wiki inayofuata rudi na matatu uliyoyasikia, uwaambie utafanya nini juu ya kila moja.